Röntgen: Aliyetuonyesha Kifua Bila Kukipasua

Wilhelm Conrad Röntgen alizaliwa tarehe 27 Machi 1845 huko Lennep, Ujerumani, akiwa mtoto wa pekee wa mfanyabiashara wa nguo. Katika ujana wake alifukuzwa shule mjini Utrecht kwa kukataa kumtaja mwenzake aliyemchora mwalimu kwa dhihaka. Hakukata tamaa. Alikwenda Zurich, na mwaka 1869 akapata shahada ya udaktari.

Jioni ya tarehe 8 Novemba 1895, katika maabara yake mjini Würzburg, alipitisha umeme ndani ya chupa iliyoondolewa hewa na kufunikwa karatasi nyeusi. Kiwambo kilichokuwa kando kikang'aa. Miali hiyo, asiyoijua asili yake, akaiita X. Tarehe 22 Desemba alipiga picha ya mkono wa mkewe Bertha; mifupa na pete vikaonekana.

Majeshi hayakuchelewa. Mwaka 1896, mjini Naples, daktari wa jeshi la Italia, Giuseppe Alvaro, aliitumia kutafuta risasi mikononi mwa askari waliojeruhiwa Ethiopia.

Baadaye ikawa zamu ya mapafu. Katika picha, hewa huwa nyeusi, mifupa na moyo huwa vyeupe. Pafu zima ni jeusi lenye michirizi ya mishipa. Nimonia huleta wingu jeupe. Maji huziba pembe ya chini ya kifua. Hewa iliyovuja kwa jeraha la risasi au kisu huacha weusi usio na michirizi. Kifua kikuu mara nyingi hushika sehemu za juu, na pengine huchimba mashimo.

Hata hivyo, ndugu askari, picha ni shahidi, si hakimu. Kovu la zamani laweza kufanana na ugonjwa mpya. Kwa hiyo askari au polisi wa Nyakabiga anayekohoa kwa wiki mbili asitosheke na picha. Apimwe na makohozi, kwani wenzake bwenini na watoto wake nyumbani huvuta hewa ileile.

Mwaka 1901 Röntgen alipewa Tuzo ya Nobel ya kwanza ya fizikia. Fedha zake akazitoa kwa Chuo Kikuu cha Würzburg. Hakudai malipo yoyote kwa uvumbuzi wake. Alifariki mjini Munich tarehe 10 Februari 1923, akiba yake ikiwa imeliwa na mfumuko wa bei, lakini miali yake ikiwa mali ya wagonjwa wote.