Mtoto aliyeficha feza katika kiatu



Jina la George Müller munalijua: mtu wa maombi, baba wa yatima wa Bristol, kule Uingereza. Wengi wetu tunafikiri kama alizaliwa mtakatifu. Hapana! Tunataka kuwaeleza ile sehemu ya maisha yake ambayo watu wanaipita mbio.

Alizaliwa mwaka wa 1805 katika Kroppenstedt, nchi ya Prussia, ambayo leo ni Ujerumani. Baba yake alikuwa mtoza kodi, na feza za serikali zililala nyumbani. Mtoto hajafikisha hata miaka 10, alikuwa akizichota kidogo kidogo. Baba akaona hesabu haitimii. Siku moja akazihesabu, akaziacha chumbani, akatoka. George akachukua, akaficha katika kiatu, chini ya mguu. Akapekuliwa, akaazibiwa. Na fimbo ikamufundisha nini? Kuiba kwa akili zaidi.

Akiwa na miaka 16 alifungwa gerezani juu ya kulala katika hoteli bila kulipa. Baba akamulipia.

Kisha akatumwa kusoma Nordhausen. Hapa ndipo sisi wa mwaka wa sita tusikilize vizuri. Aliamka saa kumi ya usiku kusoma vitabu. Mkuu wa masomo, tungesema prefe, akamupenda, akakaa naye nyumbani mwake, akamusifu mbele ya wengine kama mfano. Kumbe mfano ule ulikuwa na madeni. Siku moja alipokea feza kutoka kwa baba, akawaonyesha wenzake kusudi wazione. Halafu akavunja mwenyewe kufuli ya sanduku lake na ya kasha la gita, akakimbia kwa prefe nusu uchi, eti ameibiwa! Wenzake wakamuhurumia, wakamuchangia. Lakini tangu siku ile hakuweza tena kukaa na raha mbele ya prefe, wala mbele ya mke wake, aliyemutunza wakati wa ugonjwa.

Sisi tunaoandika tunaijua ile hali. Mchango wa darasa ulikuwa mkononi mwetu, tukaukopa bila kuuliza mtu, tukarudisha mbele ya siku ya hesabu. Hakuna aliyejua. Tukashukuriwa mbele ya wote juu ya uaminifu, na ile shukrani ilituuma kuliko fimbo.

Novemba 1825 Müller alikuwa tayari mwanafunzi wa theolojia katika Halle, akitaka uchungaji juu ya maisha mazuri. Rafiki akamupeleka jioni katika nyumba ya mfanyabiashara mumoja, ambamo wakristo wachache walikusanyika. Mtu mumoja akapiga magoti kuomba. Mwanafunzi huyu wa theolojia hakuwa ameona jambo lile, wala yeye mwenyewe hakuwa ameomba kwa magoti hata siku moja! Hapo alianza kugeuka.

Alifika Uingereza mwaka wa 1829, na katika 1836 akafungua nyumba ya kwanza ya yatima, Bristol. Mwishoni zilikuwa nyumba tano kubwa, zenye nafasi ya watoto zaidi ya 2,000. Aliamua asimuombe mtu feza, wala asiingie deni. Shida aziseme kwa Mungu tu. Ni rahisi kusema. Lakini mwishoni mwa 1841 wakati wa kutoa ripoti ulifika na sanduku likiwa karibu tupu. Ripoti ingewaonyesha watu ile shida, na wangetoa. Nani angemulaumu? Yeye akaichelewesha, kusudi isiwe njia ya kuomba kwa kujificha.

Feza zote ziliandikwa katika ripoti ya kila mwaka. Humo, mara kwa mara, alionekana mutoaji mumoja bila jina, aliyejiita tu mtumishi wa Bwana. Müller alikufa tarehe 10 Machi 1898, na mali yake yote ilikuwa karibu pauni 160, vyombo vya nyumba ndani yake. Ndipo ikajulikana kama yule mutoaji alikuwa yeye mwenyewe. Katika miaka yote ile alikuwa ametoa, kutoka zawadi alizopewa yeye binafsi, zaidi ya pauni 81,000.