Derrick Thomas: Mwembamba aliyewapiga chenga majitu wa futiboli

WATANZANIA wana msemo kwamba wembamba wa reli, treni hupita. Msemo huo ungemfaa sana Derrick Thomas, mmoja wa wachezaji waliotia fora katika Ligi ya Taifa ya Futiboli ya Marekani (NFL), ambaye alifariki dunia Februari 8, 2000 akiwa na umri wa miaka 33.

Timu za ligi hiyo zilipokutana Aprili 1989 kuchagua kwa zamu wachezaji chipukizi kutoka vyuoni, jina lake lilizua mjadala. Alikuwa na kilo takriban 110 tu, uzito ambao kwa mtu wa kawaida ni mkubwa, lakini katika mchezo huo angelazimika kukabiliana kila wiki na walinzi waliomzidi kwa kilo 20 na hata 30.

Kazi yenyewe si rahisi. Mrushaji mkuu wa mpira, maarufu kama kotabeki, hukingwa na walinzi watano wenye miili mikubwa. Mvamizi wa timu pinzani hutakiwa kuwapenya au kuwazunguka na kumwangusha kotabeki kabla hajauachia mpira. Muda alionao ni sekunde tatu hivi.

Kwa miaka mingi, wataalamu wengi walimpima mvamizi kwa mizani na upana wa kifua. Walihofia kuwa mtu mwepesi angesukumwa nyuma, hasa pale wapinzani wanapoamua kukimbia na mpira moja kwa moja kumwelekea yeye. Hofu hiyo haikuwa bure, kwani hata alipokuwa nyota Thomas aliendelea kukosolewa kwamba alijua zaidi kuwinda kuliko kuzuia.

Hata hivyo, alikuwa na silaha ambayo mizani haikuweza kuipima. Mpira ulipoguswa tu, yeye alikuwa ameshaondoka. Hatua yake ya kwanza ilimfikisha ubavuni mwa mlinzi kabla huyo hajasimama sawasawa, kisha aliinamisha bega karibu na ardhi na kuzunguka, akimwacha jitu akishika hewa.

Ushahidi ulikuwapo tangu chuoni. Katika msimu wa 1988, akiichezea timu ya Chuo Kikuu cha Alabama, Thomas aliwaangusha makotabeki mara 27 na kutwaa Tuzo ya Butkus.

Green Bay Packers, iliyochagua ya pili mwaka ule, ilimchukua Tony Mandarich, mlinzi mwenye zaidi ya kilo 130 aliyesifiwa kuliko wote kwa umbo lake. Kansas City Chiefs, iliyokuwa na nafasi ya nne na kocha mpya, Marty Schottenheimer, ikamchagua Thomas.

Miaka ilitoa hukumu. Mandarich aliondoka Green Bay bila kutimiza matarajio. Wengine wanne kati ya watano wa kwanza, yaani Troy Aikman, Barry Sanders, Thomas na Deion Sanders, wote waliingizwa katika Jumba la Umaarufu la mchezo huo.

Katika msimu wake wa kwanza, Thomas aliwaangusha makotabeki mara 10 na kutangazwa kuwa mchezaji bora chipukizi wa upande wa ulinzi.

Siku ambayo haitasahaulika ni Novemba 11, 1990. Siku hiyo Wamarekani huwaenzi askari wao wa zamani, na kwa Thomas ilikuwa na uzito wa pekee. Alizaliwa Miami Januari mosi, 1967, na kabla hajatimiza miaka sita, baba yake, Kapteni Robert Thomas wa jeshi la anga, hakurudi kutoka Vietnam baada ya ndege yake ya B-52 kutunguliwa Desemba 1972. Mwana huyo alikua bila baba, na ujanani aliwahi kuingia matatani na sheria kabla michezo haijamnyoosha.

Dhidi ya Seattle Seahawks siku hiyo, alimwangusha kotabeki Dave Krieg mara saba, rekodi ya mchezo mmoja. Lakini katika tukio la mwisho alimfikia kwa mara ya nane, Krieg akamponyoka mikononi na kurusha mpira uliozaa ushindi. Chiefs ililala kwa pointi 17 kwa 16.

Thomas alicheza misimu 11, yote Kansas City, na kufikisha jumla ya 126.5. Hakuwa malaika. Mwaka 1998 alipoteza uvumilivu katika mchezo dhidi ya Denver Broncos, akaadhibiwa mara tatu kwa utovu wa nidhamu katika shambulizi moja, na klabu yake ikamfungia mchezo mmoja.

Nje ya uwanja, alianzisha mwaka 1990 taasisi ya kuwahimiza watoto wa mijini kusoma vitabu, na mwaka 1993 akatunukiwa heshima ya mtu bora wa mwaka wa ligi hiyo.

Januari 23, 2000, akiendesha gari kuelekea uwanja wa ndege wa Kansas City, barabara ikiwa na theluji, gari lilipinduka. Walikuwa watatu. Thomas na rafiki yake mmoja hawakufunga mikanda. Walitupwa nje, na rafiki huyo akafa. Wa tatu, aliyefunga mkanda, alinusurika na majeraha madogo.

Thomas alipooza kuanzia kifuani kushuka chini. Wiki mbili baadaye, akiwa hospitalini Miami, bonge la damu lililoziba mishipa ya mapafu lilikatisha uhai wake.

Mwaka 2009 aliingizwa katika Jumba la Umaarufu, na Chiefs ikaistaafisha jezi yake namba 58. Waliomtilia shaka kwa sababu ya kilo zake walishapata jibu uwanjani. Kwa wanaosafiri kila siku, kifo chake kimeacha jibu jingine: kasi na nguvu za mwili hazichukui nafasi ya mkanda wa gari.