Maximow, aliyesaka babu mmoja wa damu

Hebu simama pale Chepilat. Upande huu Bomet, upande ule Nyamira. Mtoto wa hapa anaweza kukua akiongea Kipsigis au Ekegusii. Inategemea amelelewa wapi.

Sasa jua kwamba ndani ya mifupa yako, kwenye uboho, kuna seli za mpakani kama huyo mtoto. Seli moja inaweza kuzaa seli nyekundu za kubeba oksijeni, au seli kubwa inayomegeka kuwa chembe za kugandisha damu. Ukijikata ukipogoa majani chai, chembe hizo ndizo huziba kidonda.

Aliyetufungulia njia ya kufikiria hivi ni Mrusi, Alexander Maximow, aliyezaliwa St. Petersburg mwaka wa 1874. Alikuwa profesa katika chuo cha udaktari wa kijeshi, na kazi yake ilikuwa kuinamia darubini.

Enzi hizo wakubwa wa sayansi, akiwemo Paul Ehrlich wa Ujerumani, waliamini damu ina koo mbili zisizo na babu mmoja: seli za uboho kivyake, za tezi kivyake. Mwaka wa 1909 Maximow aliwapinga. Alisema seli zote za damu zina mzazi mmoja, na mazingira ndiyo huamua kila mtoto atakuwa nani. Wengi walikataa.

Kisha mapinduzi yakaivuruga Urusi. Mwaka wa 1922, akiwa na miaka 48, aliondoka na familia yake wakavuka bahari iliyoganda hadi Finland. Fikiria hapo: profesa mzima, anaanza upya ugenini! Alifika Chuo Kikuu cha Chicago, akarudi kwenye darubini. Alifariki 1928, kitabu chake kikubwa hakijakamilika. Mwenzake, William Bloom, alikimaliza.

Si kwamba alipatia kila kitu. Alidhani mzazi huyo ni limfosaiti, na hapo alikosea. Lakini mwaka wa 1961, James Till na Ernest McCulloch wa Toronto walionyesha kwa panya kwamba seli moja ya uboho huzaa aina kadhaa za seli za damu. Maximow alikuwa kaburini miaka 32.

Kwa hivyo ukisikia mgonjwa wa saratani ya damu amepandikizwa uboho akapata damu mpya, mkumbuke huyo mkimbizi. Na wewe ukiambiwa wazo lako halina maana, usilitupe haraka. Lipime kwanza.