Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu kiziwi aliyepiga hesabu ya roketi

Wanafunzi wengi wanalijua jina la Yuri Gagarin, mtu wa kwanza kufika anga za juu, mwaka wa 1961. Wachache wanamjua mwalimu aliyepiga hesabu ya safari kama ile miaka mingi mbele yake.

Konstantin Tsiolkovsky alizaliwa mwaka wa 1857 katika kijiji cha Izhevskoye, inchi ya Urusi. Alipokuwa na miaka karibu 10, ugonjwa uliharibu masikio yake, akashindwa kuendelea na shule. Akiwa na miaka 16, baba yake alimtuma Moscow. Huko alijifundisha mwenyewe katika maktaba kwa miaka 3, akila mkate na maji.

Kisha akawa mwalimu wa hesabu, kwanza Borovsk, baadaye Kaluga. Mwaka wa 1903 alionyesha kwamba roketi inaweza kusafiri hata pasipo hewa: inatupa gesi nyuma kwa nguvu, yenyewe inasukumwa mbele. Wachache tu walimjali.

Alikufa Septemba 1935. Miaka 22 baadaye, Sputnik ikazunguka dunia. Hadi leo, wanaotengeneza roketi wanatumia hesabu ya mtoto yule aliyekosa darasa.