Daktari Aliyewasimamisha Viwete

Wako vijana siku hizi, miguu yao mizima, walipao fedha nyingi wakatwe mifupa ili waongeze kimo. Kwa hivyo nimeona nieleze habari za marehemu Gavriil Ilizarov, mwenye kuanzisha njia hiyo, tupate kujua aliifanya kwa ajili ya nani.

Alizaliwa Poland mwaka 1921, akakulia Azerbaijan katika ufukara. Alipohitimu udaktari mwaka 1944 alipelekwa kijijini katika jimbo la Kurgan, Siberia. Huko alikuta majeruhi wa vita ambao mifupa yao ilikataa kuunga. Akabuni chombo cha pete za chuma zizungukazo mguu, zilizoshikwa kwa nyaya nyembamba zipenyazo mfupani. Mfupa hukatwa, ncha zake zikaachanishwa pole pole, kadiri ya milimita 1 kwa siku, na mfupa mpya huota katikati.

Wakubwa wa Moscow walimpuuza miaka mingi. Walakini mwaka 1968 alimtibu Valery Brumel, bingwa wa kuruka juu aliyevunjika mguu kwa ajali ya pikipiki, na sifa zake zikaenea. Alifariki mwaka 1992.

Wasomaji wenzangu, kutibu kilema ni jambo moja, na kuukata mguu mzima ni jingine. Mishipa na misuli haifuati mfupa kwa urahisi. Wako waliobaki na maumivu na mwendo ulioharibika. Ufupi si ugonjwa. Mimi ni mfupi, ndivyo Mola alivyoniumba, na miguu yangu yanifikisha niendako.