Robert LeTourneau, fundi wa kusudure aliyehamisha milima

Kule Bibokoboko theluji haijapata kuanguka. Lakini mvua ya mwezi wa tisa ikianza, udongo wa milima unashuka na kufunika njia, na mugonjwa wa kupelekwa Baraka anabebwa mu kipoyi, sawa vile babu zetu walivyobebwa. Mu inchi za baridi watu wana taabu inayofanana na ile: theluji inafunika barabara usiku mumoja, na asubui hakuna gari inayotoka. Mwenye shamba wa kule hangojei serikali. Anatafuta bamba nzito la chuma, analikunja kidogo, analisudure, analifunga ku mikono ya mbele ya trakta yake, na anafungua njia. Leo nataka kuelezea wasomaji maisha ya mutu aliyeanza na kazi ya namna ile mu uwanja wake mwenyewe, kisha akabadilisha kazi za barabara na za migodi mu dunia nzima. Jina lake ni Robert Gilmour LeTourneau.

Alizaliwa tarehe 30 Novemba 1888 kule Richford, mu jimbo la Vermont, kaskazini ya Marekani, karibu na mupaka wa Kanada. Alikulia Duluth, jimbo la Minnesota, kisha Portland, jimbo la Oregon. Vermont na Minnesota ni majimbo ya theluji nyingi. Wazazi wake walikuwa watu wa kanisa, wenye watoto wengi na feza kidogo. Shule hakuipenda. Alipofika miaka 14 aliiacha, akaingia kiwanda cha kuyeyusha chuma kama mwanafunzi wa kazi. Kutoka pale alipita mu kazi nyingi za mikono kule California, na ndipo alipojifunza mambo mawili yaliyomulisha maisha yote: umeme na kusudure.

Tusifikiri kama njia yake ilikuwa nyepesi. Mwaka wa 1911 alifungua garage na mwenzake mu muji wa Stockton. Alipenda mbio za magari, na ajali moja ikamuvunja shingo. Ikapona vibaya, ikabaki imepinda. Mwaka wa 1917 alimuoa Evelyn Peterson bila baba ya binti kukubali. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia jeshi halikumutaka juu ya ile shingo, basi akafanya kazi ya kutengeneza meli kule Mare Island. Aliporudi alikuta garage imeanguka, na yeye akabaki na deni. Mwaka wa 1919 mutoto wao wa kwanza akafariki angali mudogo sana. Mutu wa miaka 30, bila diploma, mwenye deni na matanga nyumbani: pale ndipo maisha tunayokumbuka yanaanzia.

Mwenye shamba mumoja alimuitia kutengeneza trakta ya minyororo ya Holt iliyokuwa imeharibika. Alipomaliza, yule akamuomba asawazishe shamba na trakta ile ile. LeTourneau akapenda kazi hii kupita zote. Mwaka wa 1920 akanunua Holt ya zamani, akakodi chombo cha kukwangua udongo, akaanza kutafuta kazi ya kusawazisha mashamba. Mwaka uliofuata alipata kiwanja Stockton, akajenga atelie.

Wakati ule kazi ya kukwangua iliomba watu wawili: mumoja anaendesha trakta, wa pili anasimama nyuma mu vumbi na kuinua kisu kwa mikono. LeTourneau akaweka mota za umeme juu ya chombo, hata mutu mumoja aliyekaa mbele akaweza kufanya yote. Tena viwanda vilikuwa vinaunganisha vyuma na rivé. Yeye alivisudure, na wengi walifikiri kama vitapasuka. Havikupasuka: vilikuwa vyepesi na vigumu zaidi.

Mu 1928 akatengeneza chombo cha kamba za chuma kilichofungwa nyuma ya trakta. Kamba zilizunguka mu kapi, na dereva akavuta tu mukono ili bamba la mbele lipande ao lishuke. Bamba lenyewe hakulianzisha yeye. Lilikuwako mbele yake. Lakini alilifanya litii, na tena aliliweka upande, ili udongo uteleze kandokando ya njia pasipo kurundikana mbele. Ni sheria ile ile ya bamba la theluji: likikaa sawa linasukuma, likikaa upande linatupa. Na lazima liwe limekunjwa, ili udongo ujiviringishe kwenda mbele na usiruke juu yake.

Mwaka wa 1929 aliandikisha kampuni yake. Mwaka wa 1931 alifanya kazi ya barabara jangwani Nevada, ya kuelekea barrage kubwa ya muto Colorado. Mawe yalikuwa magumu kupita alivyohesabu, akapata hasara ya kutisha. Hakufunga atelie. Mwaka wa 1932 akaweka magurudumu ya mpira ku mashini zake, na kisha akaacha kazi za barabara ili atengeneze mashini tu. Mwaka wa 1935 alijenga kiwanda Peoria, jimbo la Illinois, karibu na kampuni Caterpillar, ambayo wauzaji wake waliuza pia vyombo vya LeTourneau vya kufunga ku trakta zao. Mwaka wa 1937 ajali ya gari ilimuvunja tena vibaya. Akiwa angali anauguza mifupa aliendelea na plan za mashini mupya ya magurudumu, Tournapull, iliyotoka 1938. Wakati wa vita ya pili, sehemu kubwa ya mashini za udongo za majeshi ya Marekani na washirika wake zilitoka kwake.

Alikuwa mukristo wa nguvu. Yeye na muke wake walitoa sehemu tisa kwa kumi ya mapato yao kwa kazi ya Mungu, wakaishi na moja iliyobaki. Mwaka wa 1946 walianzisha shule ya ufundi Longview, jimbo la Texas, kwa vijana waliotoka vitani. Kisha mu miaka ya 1950 alipeleka mashini Liberia na Peru, kufungua mashamba na barabara. Alifariki Longview tarehe 1 Juni 1969, akiacha karibu hati 300 za uvumbuzi.

Mimi ni mutu wa sendika, sitaki kumufanya malaika. Kila mashini yake ilichukua nafasi ya watu wengi wa beleshi, na walioipoteza ile kazi hawana kitabu cha maisha yao. Hata leo tunaona: katapila inakuja Fizi, watu wanafurahi, lakini inakwenda moja kwa moja ku zahabu. Inachimba, inapakia, inaondoka, na barabara inabaki ile ile. Mashini haichagui kazi yake. Ni mutu mwenye kuishika anayechagua.

Kwa hiyo naandikia zaidi vijana wetu wa kusudure mu Baraka. LeTourneau alianza na trakta ya zamani, chuma cha kutafutatafuta na poste moja ya kusudure. Bamba la mbele si siri. Chuma kizito kilichokunjwa. Mbavu za kutia nguvu nyuma. Chini, kisu cha kufunga na bulo, ili kikiisha ubadilishe kisu bila kutupa bamba. Ku nyuma ya trakta, uzito wa kusawazisha. Kwa theluji wanaongeza resoro, ili bamba likigonga jiwe liiname na lisivunjike. Mu milima yetu ya mawe ingefaa kazalika. Na mambo matatu ya sendika: usiingie hata siku moja chini ya bamba lililoinuliwa, shusha bamba chini mbele ya kutoka ku kiti, usimupakie mutu mwingine juu ya trakta.

Vita imefukuza watu wengi wa Bibokoboko, na njia isiyopitika inakawiza kurudi kwao, inakawiza pia dawa na mbegu. Trakta moja yenye bamba haitaleta amani. Lakini siku watu watakaporudi, wa juu na wa chini, kitu cha kwanza watakachohitaji ni njia ya kupeleka mugonjwa Baraka pasipo kipoyi. Tusingoje mpaka siku ile ndipo tuanze kutafuta chuma.