Sayyid Ali bin Hamoud: Kijana wa Unguja katika Skuli ya Harrow

Wazee wenzangu mliomaliza zamani, na nyinyi vijana mliomo madarasani hivi sasa, nimeombwa niandike habari za mtu mmoja wa kwetu aliyesoma ng'ambo akiwa bado mtoto. Nimemchagua Sayyid Ali bin Hamoud, ambaye tulifundishwa jina lake katika orodha ya wafalme kisha tukampita mbio.

Alizaliwa tarehe 7 Juni, 1884. Alipokuwa na miaka 12 baba yake, Sayyid Hamoud bin Mohammed, alikalishwa kwenye kiti na Waingereza. Hiyo ilikuwa tarehe 27 Agosti, 1896, siku ambayo manowari zao ziliipiga kasri kwa dakika 40 hivi na kumtoa Sayyid Khalid bin Barghash. Mtu aliyepewa kiti kwa mizinga hana budi kumridhisha aliyempa. Mwaka uliofuata Sayyid Hamoud alitia sahihi amri ya kuufuta utumwa, na mwanawe akampeleka Uingereza.

Skuli aliyotiwa ni Harrow, iliyoanzishwa mwaka 1572 juu ya kilima nje ya London. Winston Churchill alikuwa ametoka hapo mwaka 1892, na Jawaharlal Nehru wa Bara Hindi aliingia mwaka 1905. Wanafunzi huvaa kofia bapa za majani makavu, na hukaa katika nyumba zenye mwalimu wake. Siku hizo katika skuli za namna ile mtoto mdogo alikuwa mtumishi wa mkubwa: humpigia viatu rangi, humchomea mkate, huitwa akakimbia. Hebu mfikirie mtoto aliyetoka katika jumba lenye watumwa na wajakazi. Mimi nilikaa nchi za baridi miaka miwili nikiwa mtu mzima, na hata hivyo jua la saa tisa linapozama nilikuwa nikitamani sauti ya adhana. Yeye alikuwa mwana.

Baba yake alifariki tarehe 18 Julai, 1902, na Sayyid Ali akawa Mfalme akiwa na miaka 18. Waingereza walisema hajatimia umri, wakamweka Bwana A. S. Rogers, Waziri wa Kwanza, atawale kwa niaba yake mpaka mwaka 1905. Hapa ndipo ninapoona uchungu wa kisa hiki. Walimlea awe bwana wa Kiingereza, akaijua lugha yao na tabia zao, kisha alipotaka kufanya kazi aliyofundishwa alikuta hazina ya nchi na amri zimo mikononi mwa wengine. Mfalme asiyejua Kiingereza angeweza kudanganywa. Huyu alisoma kila karatasi akaelewa hasa alichonyang'anywa.

Tusimnyime haki yake. Katika enzi yake gari moshi lilianza kwenda Bububu, maili 7 kutoka mjini. Tena aliletwa mwalimu kutoka Misri, Profesa Abdul Bari, kusomesha watoto wa ukoo wa kifalme, na hapo ndipo palipochipuka skuli ya serikali. Nyinyi mnaosoma leo mnakalia matawi ya mti ule.

Hata hivyo moyo wake ulikuwa Ulaya, na safari zake za huko zilizidi. Mwaka 1911 alikwenda kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme George wa Tano, asirudi. Tarehe 9 Disemba alijiuzulu. Maradhi yalitajwa, nami naamini kuchoka nako kulikuwamo. Kiti akapewa shemeji yake, Sayyid Khalifa bin Harub, aliyekikalia mpaka mwaka 1960, na Beit al-Ajaib ikageuzwa kuwa ofisi za serikali.

Sayyid Ali alibaki Ufaransa. Alifariki Paris tarehe 20 Disemba, 1918, wiki chache tu baada ya vita vikuu kwisha, akiwa na umri wa miaka 34.